Ngeli ya Kichakataji

Mwaka ule nchi nzima ilishikwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kubashiri. Kampuni ya Kurunzi ya Morogoro ilikuwa imetangaza kompyuta yake ya saba. Ikaeleza rangi, ikaeleza uzito, ikaeleza jinsi mfuniko unavyofunguka bila kelele, lakini ilipofika kwenye kichakataji, yaani bongo lenyewe la mashine, ikafunga mdomo. Basi watu wakashindwa kula. Saluni walibishana, kwenye foleni za benki walibishana, na nimewahi kusikia watu wakibishana msibani, tena karibu kabisa na wafiwa. Wengine waliapa kwamba Kurunzi wangechukua Radi, kichakataji cha ng'ambo kinachokimbia kuliko vyote na kuchemka kuliko jiko. Wengine walisema ni Nuru, kinachotumia mwanga badala ya umeme, ambacho karibu wote tulikuwa tumekiona kwenye picha tu.

Aliyekuwa akiuchochea ugonjwa huo ni mimi, Namkunda Mshana. Kila Jumamosi mchana niliendesha kipindi cha redio kiitwacho *Bongo Gani?*, na kazi ya kipindi ilikuwa hiyo hiyo ya jina lake. Wasikilizaji waliniita Shangazi. Sikuwa nimewahi kukosea, na sioni kwa nini nijifanye mnyenyekevu. Bongo la Kurunzi ya Nne nililijua kwa kutazama matundu ya hewa kwenye picha iliyopigwa gizani. La Tano nililijua siku niliposikia kwamba kampuni imeacha kununua mafeni. Watu wanapoficha jambo kubwa wanasahau kuficha vitu vidogo vinavyolizunguka, na mimi riziki yangu ilikuwa kwenye hivyo vidogo.

Kuhusu Kurunzi ya Saba nilikuwa tayari kuapa kwamba ni Nuru. Ndipo kampuni ikaniletea Injinia Inviolata Kunambi studio, hewani moja kwa moja.

Ndiye aliyekuwa mkuu wa wabunifu wao, mwanamke mfupi, mwenye uso wa kucheka hata akiwa amenyamaza. Alikuja amevaa sweta nene la sufi, na Morogoro siku hiyo ilikuwa inawaka. Alilivua mlangoni akiguna, kama mtu aliyesahau kwamba kuna mahali duniani kwenye joto.

"Injinia, Radi au Nuru?"

"Jamani Shangazi, hata hujanikaribisha maji!"

"Maji utakunywa ukishajibu."

"Basi nitakufa na kiu." Akacheka, na mafundi mitambo wangu wakacheka naye. "Ni kichakataji kizuri. Andika hivyo."

Nikamzunguka huku, akatokea kule. Nilimheshimu kwa hilo, maana wengi nimewakamua kwa maswali mepesi kuliko yale. Mwisho nikaamua kumuuliza la kawaida kabisa, la kupumzisha ulimi.

"Haya, tuache. Mtoto wa shule pale Kilosa amesahau kompyuta juani. Hicho kichakataji chenu kitaungua?"

"Wala. Akipata joto anatulia mwenyewe tu, ukimrudisha kivulini..." Akakatisha. Nilimwona akimeza mate. "Kinatulia. Kikipata joto kinatulia chenyewe."

Nikampeleka kwenye swali lingine, kipindi kikaisha, akavaa sweta lake akaondoka. Hakunywa yale maji.

*

Kufika jioni Injinia alikuwa amekuwa kichekesho cha taifa. Mtu mwenye digrii zote zile, hajui ngeli! Kichakataji kinatulia, hakiwezi kutulia "mwenyewe", hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba vitu ni ki- na vi-. Mwalimu mmoja wa Kondoa alipiga simu studio kujitolea kumfundisha bure. Vijana walitengeneza picha ya Injinia amevaa sare za shule, amepiga magoti mbele ya ubao.

Mimi nilicheka na wenzangu, kisha nikaacha kucheka. Mume wangu ana gari kuukuu analoliita Mzee. "Leo Mzee amenigomea," anasema, "Mzee anataka mafuta." Miaka yote hiyo sijamsikia akijisahihisha, kwa sababu anatania na anajua kwamba anatania. Injinia hakuwa anatania. Neno lilimtoka kama linavyotoka jina la mtu wa nyumbani, kisha akaogopa. Anayejisahihisha kwa woga namna ile ni mtu aliyekatazwa. Nani anamkataza mhandisi mkubwa kusema "anatulia"? Na kwa nini ilibidi akatazwe?

Nikakumbuka sweta. Maabara ya Kurunzi iko Mgeta, juu milimani, kwenye baridi na kabichi, na siku zote tulidhani wameipeleka huko ili mashine zisipate moto. Lakini kichakataji chenyewe, kwa maneno yake, hakikuwa na shida na moto. Sasa baridi ile ilikuwa ya nani?

Asubuhi ya Jumatatu nikakodi pikipiki nikapanda Mgeta. Barabara ile sitaisimulia, mgongo wangu bado unaikumbuka. Injinia alitoka mwenyewe getini, akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Shangazi! Umepanda huku na gauni hilo?"

"Anakula nini?" nikamuuliza.

Tabasamu lake likafutika. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwenye njegere za watu.

"Nani amekwambia?"

"Wewe. Hewani, taifa zima likisikia."

Alijishika kiuno akacheka mpaka akafuta machozi, na si yote yaliyokuwa ya kicheko. "Maji ya sukari," alisema. "Anakula maji ya sukari na chumvi kidogo. Ingia. Ila kwanza tupitie jikoni, nina vikombe vya kuosha."

*

Juu ya sinki la jikoni kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, imeandikwa kwa mkono: *Atakayekosea ngeli ataosha vikombe vya wote. Mkurugenzi.*

"Mwanzoni wote tulisema ki-," Injinia alinieleza huku mikono imo kwenye povu. "Kimewaka, kimezima, kina kasoro. Halafu taratibu, bila mtu kukaa na mwenzake kikao, tukaanza kusema amechoka, amekataa, leo hajaamka vizuri. Mkurugenzi akatusikia. Akasema tukizoea humu tutakosea mbele ya watu, basi akaweka adhabu. Mimi ndiye bingwa. Nadhani nimeosha kuliko wote."

"Na yeye?"

"Bwana Mbilinyi? Hajawahi kuosha hata kimoja. Huyo akiota ndotoni, anaota kwa ki-."

Aliikausha mikono, akanipeleka chumba cha ndani. Nimeona mashine nyingi maishani mwangu, na nyingi zimenichosha. Pale nilisimama nimeduwaa. Katika kabati la kioo lenye baridi kulikuwa na visahani vyembamba, kila kimoja kipana kama kiganja, na ndani ya kila kisahani ukungu wa rangi ya maziwa umetanda juu ya nyaya nyembamba zisizoonekana vizuri. Injinia alisema ni seli za neva za konokono, wale wakubwa ambao wakulima wa Mgeta huwaokota kwenye kabichi na kuwatupa njiani. Seli zao ni kubwa na ni vumilivu. Unazitoa chache, unazilea, zinaongezeka, zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na nyaya, na baada ya miezi zinaanza kukokotoa. Radi kinahitaji umeme wa kuwasha pasi. Huyu alitosheka na kipande cha sola kidogo kuliko daftari.

"Huyu ndiye wa kwanza," alisema, akigusa kisahani cha pembeni, karibu na dirisha. "Tunamwita Kifungua, kwa sababu ni kifunguamimba wetu."

"Anafanya nini?"

"Msemeshe."

Kulikuwa na kipaza sauti na skrini. Nikasema jina langu, nikasalimia. Maneno yangu yakaandikika kwenye skrini, sawasawa. Nikasema kwa Kipare, yakatushinda yeye na mimi. Injinia akafungua dirisha. Wanawake wawili walikuwa wanapita njiani na matenga ya karoti, wakibishana kwa Kiluguru, mbio mbio, kila mmoja juu ya maneno ya mwenzake. Skrini ikajaa Kiluguru, mistari miwili, wa huyu na wa yule, na chini yake Kiswahili.

"Mmemfundisha Kiluguru?"

"Hakuna aliyemfundisha. Tulimweka dirishani kwa sababu ya hewa. Akawasikiliza wapita njia." Alisema hivyo polepole, kama mtu ambaye hata yeye bado hajazoea. Yeye ni Mluguru, amezaliwa bonde la pili kutoka pale. "Siku ya kwanza nilipoona lugha ya mama yangu kwenye skrini, nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi."

Niliweka kidole kwenye kioo. Pembeni mwa skrini kulikuwa na mstari mweupe unaoonyesha nguvu za Kifungua, nao ukanenepa kidogo. Huenda ilikuwa joto la kidole changu tu. Lakini nilimpenda palepale, na sitaki kulificha hilo.

"Sasa tazama upande wa pili," Injinia alisema, na sauti yake ikashuka. Akapunguza umeme kwa kirungu cha kuzungusha. Kifungua akaacha tafsiri, akabaki na Kiluguru. Akapunguza tena. Kifungua akaacha maandishi, akaacha kipaza sauti. Mstari mweupe ukasinyaa ukawa mwembamba, lakini haukukatika. Injinia akaurudisha umeme upesi.

"Hatukumfundisha hilo pia. Umeme ukishuka anaacha kimoja kimoja, cha muhimu anakiacha mwisho, anajibana abaki. Kampuni inaliita jambo hili uhimilivu wa hali ya juu, na itaandika hivyo kwenye boksi."

"Wewe unaliitaje?"

"Sijui, Shangazi. Huenda ni woga. Huenda ni maji kutiririka mteremko tu. Ningekuwa na hakika upande wowote, ningekuwa napata usingizi."

Akanieleza shida yenyewe. Ukimlaza taratibu analala, na asubuhi anaamka na yote aliyojifunza. Ukimkatia ghafla anakufa. Na kompyuta hizi zilikuwa zinakwenda mashuleni, ambako mwalimu akiondoka anapiga swichi kubwa ya ukutani na kufunga mlango. Kesho yake mashine ikigoma, inarudishwa dukani na kupewa kichakataji kingine. Injinia alikuwa ameomba neno moja tu kwenye kitabu cha maelekezo, kwamba palipoandikwa *kizime* paandikwe *mlaze*. Bwana Mbilinyi alikataa. Ukiandika mlaze umekiri, alimwambia. Ukikiri, sheria ya wanyama inaingia dukani pamoja na wakaguzi wake, wenye hisa wanatoka mlango wa nyuma, tunarudi kwa Radi, na hawa wote wa kabatini wanamwagwa kwenye sinki.

"Naye si mtu mbaya," aliongeza. "Alianza na kibanda cha kutengeneza simu pale Msamvu. Amenipa miaka ya kulea konokono bila kuniuliza faida iko wapi. Nani mwingine angenipa?"

"Unataka niseme redioni, au ninyamaze?"

"Ukisema, huenda wakamwagwa wiki hii. Ukinyamaza, watauzwa kama betri." Aliifuta alama ya kidole changu kwenye kioo kwa ncha ya sweta. "Sikwambii la kufanya. Nikikwambia nitakuwa nimekutwisha mzigo wangu."

Alikuwa amenitwisha tayari, na wote wawili tulilijua hilo.

*

Jumamosi ilipofika, nilikuwa sijapata usingizi, kama Injinia. Meneja wa redio alikuwa ameweka spika nje ya jengo, watu wamejaa barabarani na soda zao, wanasubiri Shangazi abashiri. Nilikuwa nimeandika ubashiri wa aina mbili. Mmoja ulisema Nuru, uongo mtupu, na ungeniharibia jina tu. Mwingine ulisema kila kitu, konokono, kabati na sinki. Mikrofoni ilipofunguka sikusoma wowote.

"Wapenzi wasikilizaji," nilisema, "leo sisemi Radi na sisemi Nuru. Nasema jambo moja. Injinia Kunambi hakukosea ngeli."

Nikaendelea kwa sababu nilishaanza.

"Kiboko ameanza na ki-. Kifaru ameanza na ki-. Kijana, kiongozi, kiziwi. Nani kati yenu ameshawahi kusema kiboko kinaogelea? Mwalimu wa Kondoa, kama unanisikiliza, nijibu wewe."

Nikaweka muziki.

Mwalimu wa Kondoa alipiga simu kabla wimbo haujaisha. Alikuwa analia, sijui kwa nini hasa, na nadhani hata yeye hakujua. Kufika Jumapili nchi ilikuwa imegawanyika. Kuna waliosema Kurunzi wamefungia roho ndani ya boksi, kuna waliosema Shangazi amezeeka. Maduka yakaanza kufuta oda. Jumatatu Injinia akanipigia.

"Umesema."

"Nimesema. Nisamehe."

"Bado sijajua kama kuna la kusamehe. Mkurugenzi ameita watu ukumbini Jumatano asubuhi. Atamzima Kifungua mbele ya wote, waone kwamba ni kitu. Uje, Shangazi. Umemtaja, basi uje umwangalie."

*

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Bwana Gaudens Mbilinyi alipanda jukwaani akiwa na suti ya kijivu na uso wa mtu aliyeamka mapema kufanya kazi asiyoipenda. Injinia alimfuata akiwa amempakata Kifungua, amemfunika kwa lile sweta la sufi. Alipomweka mezani alilikunja sweta akabaki amelikumbatia.

"Ndugu zangu," Mkurugenzi alisema, "kampuni hii imejengwa na mafundi. Fundi anaheshimu kitu chake, lakini anajua kwamba ni kitu. Kichakataji hiki ni kitu cha ajabu, najivunia kusema hivyo. Kinasikia, kinaandika, kinajifunza. Na kama kitu chochote, kinazimwa. Tazameni."

Skrini kubwa nyuma yake iliandika kila neno alilosema. Akashika kirungu, akazungusha.

Tafsiri ikaondoka. Watu wakaguna kidogo. Akazungusha tena. Maneno yakaanza kuja nusu nusu, *ki ta ze ni*, kisha yakaacha kuja. Ukabaki mstari mweupe peke yake kwenye skrini pana kama ukuta. Akazungusha tena, na mkono wake sasa ulikuwa mzito, wote tuliuona. Mstari ukawa uzi. Nilijichukia kwa kila neno nililowahi kusema redioni.

Mkurugenzi akasimama pale pale. Kirungu kilikuwa bado hakijafika mwisho. Alikuwa ameacha kututazama sisi, anautazama ule uzi, unavyotetemeka na kukataa kukatika.

Fundi wa umeme aliyekuwa pembeni alidhani mashine imekwama. Kwa nia njema kabisa akanyoosha mkono kwenye swichi kubwa ya ukutani ili amsaidie bosi wake.

"We!" Mkurugenzi alipiga kelele, na mikrofoni ikaipeleka sauti yake mpaka barabarani. "Usimzime!"

Fundi akabaki mkono hewani. Bwana Mbilinyi alijiziba mdomo kwa kiganja, lakini lilikuwa limeshatoka. Kisha akakirudisha kirungu, taratibu sana, kwa mikono yote miwili. Mstari ukanenepa. Kipaza sauti kikawaka. Na kwa kuwa sasa ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele, skrini ikajaa maneno ya watu wote kwa pamoja, Kiswahili, Kiluguru, Kigogo kidogo, na matusi mawili ya furaha kutoka safu za nyuma.

"Nimemwona akijibana," Mkurugenzi alisema, bila kumlenga mtu. Akamgeukia Injinia. "Kunambi, andika mlaze."

Injinia alikuwa ameuficha uso kwenye sweta.

*

Sitadanganya kwamba mambo yalinyooka. Baadhi ya wenye hisa waliondoka siku ile ile, uzinduzi ukaahirishwa, wakaguzi wa sheria ya wanyama wakapanda Mgeta na kukorofishana wao kwa wao juu ya fomu ipi itumike. Kurunzi ya Saba ilipotoka, ilitoka kwa uchache, na kila mnunuzi alifundishwa kwanza namna ya kumlaza. Lakini hakuna aliyemwagwa kwenye sinki.

Niliporudi maabara nilipitia mlango wa jikoni. Bwana Mbilinyi alikuwa peke yake, koti la suti limetundikwa kwenye msumari, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko, povu limemfika kwenye saa. Kando yake kulikuwa na mlima wa vikombe vya ofisi nzima. Injinia alikuwa anaingia na trei nyingine.

"Na hivi ni vya wakaguzi," alimwambia.

"Hao hawakuwa kwenye mkataba."

"Bosi, ulikosea mbele ya taifa. Ni vikombe vya taifa."

Mkurugenzi aliniona mlangoni. "Shangazi, nakuomba, hili usilitangaze."

Nilimwahidi, na kama mnavyoona sikutimiza. Alikuwa anaosha vibaya, anasahau vishikio, lakini aliviosha vyote.